Namna ya Kuudanganya Udongo

Sogea karibu, ndugu yangu, maana haya mafundi wengi huyasema mlango ukiwa umefungwa. Unataka kumimina vikombe kwenye kalibu za plasta. Unataka uji wa udongo utoke kwenye jagi laini kama maziwa, ujaze kila pembe ya kalibu, na waliosimama mlangoni waguse viwiko wakisema, huyu ndiye fundi. Sikulaumu. Sijakutana na mtu asiyependa kusifiwa kwa kazi ya mikono yake.

Njia ya uaminifu unaijua. Udongo mzito? Ongeza maji. Bado mzito? Ongeza tena. Mwishowe utatiririka, ndiyo, lakini maji yote hayo hayana pa kwenda ila kwenye plasta. Kalibu italowa chepechepe kabla ukuta wa kikombe haujapata unene, kikombe kitasinyaa kikikauka, na kesho utatoa kitu chenye ufa pale mkono unaposhikana na tumbo.

Kwa hiyo usiwe mwaminifu kwa maji. Danganya. Nalitumia neno hilo kwa moyo mweupe, kwa sababu udanganyifu huu hauli haki ya mtu yeyote, nao ni mmoja wa ujanja mzuri kuliko wote aliopata kubuni binadamu tangu ashike udongo mkononi.

Kwanza: jua ukubwa wa uongo unaoutaka

Lita moja ya uji mzuri wa kumimina ina uzito wa gramu 1,800 hivi. Ndani yake mna gramu 1,300 za udongo mkavu na gramu 500 tu za maji. Soma tena polepole. Nusu lita ya maji kwa kilo moja na gramu mia tatu za udongo! Changanya vipimo hivyo bila dawa, utapata tope la kufinyangia, linalong'ang'ania vidole. Changanya vipimo vilevile ukiwa na dawa isiyojaa kijiko cha chai, utapata kitu kinachomiminika. Tofauti kati ya hali hizo mbili ndiyo somo letu la leo.

Na usidhani lazima ukaushe uji wako ndipo ujue una udongo kiasi gani. Kuna njia ya mkato. Jaza chombo cha lita moja, pima uzito wake kwa gramu, toa 1,000, kisha zidisha kilichobaki kwa 1.625. Basi. Kwa uji wa gramu 1,800: 800 mara 1.625, jibu ni 1,300. Hesabu hii hutajwa kwa jina la Alexandre Brongniart, aliyekisimamia kiwanda cha kauri cha Sèvres, Ufaransa, kuanzia 1800 hadi 1847. Inafanya kazi kwa sababu chembe za udongo, zikishikana bila tundu, zina uzito wa mara 2.6 hivi ya maji. Ifanye kichwani mbele ya watu. Watadhani una jicho la ajabu.

Pili: mjue unayemdanganya

Hakuna tapeli hodari asiyemjua mtu wake, na hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Chukua kaolini, ule udongo mweupe ulioko katika vilima vya Pugu karibu na Dar es Salaam. Ukiiangalia kwa hadubini kali huoni punje za mviringo kama mchanga. Unaona vibamba, vyembamba mno, vingi vikiwa havifiki sehemu mbili kati ya elfu za milimita kwa upana. Kila kibamba kina nyuso mbili pana na ukingo mwembamba kuzunguka. Nyuso zina chaji hasi. Ukingo, katika maji yenye uchachu kidogo, una chaji chanya. Unajua kinachofuata: ukingo wa kimoja unavutwa na uso wa kingine, nacho kinakivuta cha tatu, na kufumba na kufumbua vibamba vimejipanga kama watoto wanavyosimamisha karata zikaegemeana kuwa nyumba. Ndoo nzima imejaa nyumba za karata.

Maji yako wapi? Yamo vyumbani. Yapo tele, ila yamefungiwa. Ndiyo maana nakusihi uache kuongeza maji: unaongeza wafungwa wakati kinachotakiwa ni kubomoa jela.

Tena kuna mshirika wao, kalsiamu. Ioni yake ina chaji mbili chanya, sawa na mtu mwenye mikono miwili: huku kashika kibamba hiki, huku kashika kile, na hataki kuachia. Maji ya visima vingi vya pwani yamepita kwenye mawe ya matumbawe, kwa hiyo yamebeba kalsiamu ya kutosha. Fundi analaumu udongo kumbe mchawi ni kisima. Kinga maji ya mvua, ndugu yangu. Tayari umeshinda nusu ya vita bila kununua kitu.

Tatu: chagua dawa

Kwa wanakemia ni kitawanyishi. Mimi naiita dawa, kwa sababu ina kipimo, na ukizidisha inadhuru.

Inayotumika kuliko zote ni silikati ya sodiamu, kimiminika kizito kama asali nyembamba. Inafanya kazi tatu kwa mpigo. Sodiamu yake, yenye mkono mmoja tu na inayopenda kujizungushia maji, inaisukuma kalsiamu na kukalia nafasi yake. Silikati inaikamata kalsiamu iliyofukuzwa na kuifanya kitu kisichoyeyuka, isirudi tena mchezoni. Na ile inayobaki inaganda kwenye kingo za vibamba. Wakati huohuo maji yanaacha uchachu na kuwa ya magadi, na kingo zilizokuwa chanya zinageuka hasi. Sasa kila kibamba ni hasi pande zote, kimevaa wingu nene la sodiamu na maji, na hakuna anayetaka kumkaribia mwenzake. Nyumba za karata zinaanguka. Wafungwa wanatoka. Uji unatiririka, na wewe hukuongeza hata tone la maji.

Nimeliona jambo hili mara nyingi sana na bado linanisisimua kila mara: unadondosha kidogo, unakoroga, na tope lililokuwa linaushika mwiko ghafla linalegea kama mtu aliyepata habari njema.

Nimesema maji ya magadi, na sikusema kwa mafumbo. Magadi ni dawa pia. Kile kinachochimbwa katika Ziwa Magadi huko Kenya kikichomwa kinakuwa kaboneti ya sodiamu, na mafundi wengi huichanganya na silikati, kila moja ikisaidia pale mwenzake anapopungukiwa. Lakini usikimbilie jikoni kuchota yale ya kulainishia maharage. Magadi ghafi yana chumvi ndani yake, na chumvi, kama utakavyoona mbele, huwarudisha vibamba kwenye ugomvi. Nunua yaliyosafishwa.

Ziko na nyingine. Poliakrileti ya sodiamu ni mnyororo mrefu wenye chaji hasi, unaojishikiza kwenye kibamba na kuning'inia kama matawi, ukiwazuia majirani wasisogee. Haichoshi kalibu kama silikati. Heksametafosfeti ya sodiamu imejulikana sana kwa jina la Calgon, ambalo limetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya kalsiamu imeondoka. Sijaona dawa nyingine iliyopewa jina la kweli namna hiyo.

Na ipo tanini, ile ya magome ya mikoko na miwati inayolainisha ngozi. Hapa nitakupa kisa cha kuwasimulia wageni wakati kalibu inanyonya. Edward Goodrich Acheson, Mmarekani aliyejulikana kwa kutengeneza kaborandamu mwaka 1891, aliisoma ile habari ya Waisraeli kunyimwa majani makavu ya kufyatulia matofali, katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 5. Akajiuliza: majani yalikuwa na kazi gani hasa? Akautia udongo maji yaliyotokana na majani makavu, akaujaribu na kwa tanini, akaona unabadilika: chembe zinatawanyika, unafinyangika vizuri zaidi. Akauita udongo wa Kimisri. Baadaye akaupeleka ujanja huohuo kwenye grafiti, akapata kilainishi kiitwacho Aquadag, ambacho herufi zake tatu za mwisho zinasimamia grafiti ya Acheson iliyotawanywa. Mtu mmoja alisoma Biblia kwa jicho la fundi, akatoka na kiwanda.

Nne: tia kidogo, kisha zuia mkono wako

Dawa itangulie majini, udongo ufuate. Ukitanguliza udongo utahangaika na madonge hadi magharibi.

Kipimo: gramu tatu za dawa kwa kila gramu 1,000 za udongo mkavu, zaidi kidogo au pungufu kidogo kulingana na udongo wako. Anza na mbili. Koroga kwa muda mrefu, kweli mrefu, kwa sababu sodiamu haikalii nafasi ya kalsiamu kwa dakika moja. Kisha ongeza tone kwa tone.

Utahitaji kipimo cha mnato, na chombo chake ni kopo lenye tundu chini. Ziba tundu kwa kidole, jaza uji, ondoa kidole, hesabu sekunde hadi uishe. Andika. Ongeza dawa kidogo, koroga, hesabu tena. Mwanzoni sekunde zinashuka kwa kasi. Kila tone linazaa matunda. Halafu zinashuka polepole. Halafu hazishuki.

Hapo ndipo majivuno yanapomwangusha mtu. Umeona tone moja limefanya muujiza, moyo unakwambia kumi yatafanya miujiza kumi. Zuia mkono! Sodiamu ikizidi inajazana majini, na lile wingu pana lililokuwa linatenganisha vibamba linabanwa, linakuwa jembamba, vibamba vinakaribiana na kushikana upya. Uji unaanza kuwa mzito tena. Fundi asiyejua anaona uzito, anadhani dawa haijatosha, anaongeza. Nimewahi kusimama kando ya pipa zima lililoharibika kwa njia hiyo, na kila aliyepita alikuwa ametia kidogo tu kwa nia njema.

Dawa iliyoingia haitoki. Kwa hiyo nakushauri usifike hata pale mnato unapokuwa mdogo kabisa. Simama kabla kidogo. Uji uliotawanywa hadi mwisho huvilaza vibamba vikiwa vimebanana kwenye ukuta wa kalibu kama vigae juu ya paa. Maji hayapiti upesi, ukuta unajengwa taratibu, kikombe kinang'ang'ania plasta na kinavunjika ukikikata ukingo. Uji ulioachiwa ugomvi kidogo unajenga haraka, na kikombe chake kinakubali kisu.

Tano: ukishindwa, shindwa kwa heshima

Utashindwa. Si mara moja. Jifunze kuanguka vizuri.

Pipa limezidiwa dawa? Usilimwage. Hilo sasa ni hazina. Changanya uji mpya usio na dawa kabisa, kisha tumia ule ulioharibika kuwa dawa yake, jagi kwa jagi, huku ukihesabu sekunde kwenye kopo. Utaokoa yote mawili.

Uji umeganda ghafla ingawa kipimo chako ni kilekile cha mwezi jana? Chungulia ndoo ya mabaki. Mabaki yaliyokwanguliwa kwenye kalibu huja na vipande vya plasta, na plasta ni salfeti ya kalsiamu, yule adui uliyemfukuza, amerudi kupitia mlango wa nyuma. Chekecha mabaki, yaweke kidogo tu katika kila pipa, na utulie.

Kuna na anguko la tatu, zuri kuliko mengine, na ningependa uanguke makusudi. Umetia maji mengi na dawa nyingi, uji umekuwa mwembamba wa kukatisha tamaa. Uache ndani ya mtungi wa kioo, usiuguse siku nzima. Mchanga na chembe kubwa zitashuka chini. Juu patabaki maji. Katikati patakuwa na udongo laini mno, ule wa vibamba vidogo kuliko vyote, ambao dawa imeuzuia usishikane na kuzama. Uvute huo wa kati kwa mpira mwembamba, upake kwenye chungu kikavu kisichochomwa, sugua kwa kitambaa laini. Kitang'aa bila glezi yoyote, kwa sababu vibamba vinalala kifudifudi vyote na kurudisha mwanga.

Wafinyanzi wa Athene walifanya hivyo karne ya 6 kabla ya Kristo, kwenye ile mitungi yenye watu weusi juu ya udongo mwekundu. Weusi ule si rangi ya kupaka. Ni udongo, uliotenganishwa ukawa laini kupita kiasi, kisha ukachomwa kwa awamu tatu: hewa ikiingia, hewa ikizuiwa, hewa ikiruhusiwa tena. Palipopakwa udongo laini pakajifunga na kubaki peusi. Palipobaki pakarudi pekundu. Watu walikuwa wamesahau kabisa namna ya kufanya hivyo, mpaka mwanakemia Mjerumani, Theodor Schumann, alipoonyesha njia mwaka 1942. Kwa hiyo mtungi wako wa uji ulioharibika uko katika ukoo mtukufu. Mgeni akiuliza, mwonyeshe unavyong'aa.

Sita: jifunze na kinyume chake

Bibi zetu walikuwa wanaufanya ujanja huu upande wa pili, na hakuna aliyewapa cheti. Maji ya mto yamejaa tope, hayatulii? Wanatia shabu. Alumini iliyomo ndani ya shabu ina chaji tatu chanya, inawakusanya vibamba waliokuwa wakikimbizana, wanakuwa mabonge, mabonge yanazama. Mbegu za mlonge zilizotwangwa zinafanya kazi hiyohiyo kwa protini zake. Nayo bahari inafanya kwa chumvi: Rufiji inashuka na udongo uliotawanyika kutoka bara, inakutana na maji ya chumvi, chembe zinashikana na kutua, na juu ya tope hilo mikoko inaota. Ndiyo sababu nilikuonya juu ya chumvi ya magadi ghafi. Kijiko kimoja cha siki kwenye ndoo nacho kitakuonyesha. Jaribu kwenye kikombe kidogo, usijaribu kwenye pipa la watu.

Na ipo sehemu ambako dawa hii haidanganyi, inaulazimisha udongo useme kweli. Maabara wanapotaka kujua udongo wa shamba au wa msingi wa nyumba una mfinyanzi kiasi gani, huchukua gramu 50, huuloweka katika mililita 125 za maji yenye heksametafosfeti, gramu 40 kwa lita, kwa saa 16 au zaidi. Kisha huutikisa ndani ya silinda ndefu na kusoma haidromita huku chembe zikizama, kubwa kwanza, ndogo mwisho. Usomaji wa mwisho ni baada ya saa 24. Ukiruka dawa ili uwahi nyumbani, vibamba vitazama vikiwa mabonge, haidromita itavihesabu kuwa chembe kubwa, na udongo wa mfinyanzi utaandikwa kuwa si mfinyanzi. Nyumba itajengwa juu ya karatasi hiyo. Hapa, rafiki, sina njia ya mkato ya kukupa. Hata ile dawa yenyewe usiitumie ikiwa imekaa chupani miezi, kwa kuwa inavunjika polepole majini na kupoteza nguvu. Changanya mpya.

Saba: kabla hujalala

Nawa mikono, silikati inakausha ngozi na ikiingia jichoni si mchezo. Usifagie vumbi la udongo likiwa kavu, lifute kwa kitambaa chenye maji, maana mapafu hayana dawa ya kutawanya. Funika ndoo isitoke mvuke.

Kesho asubuhi utafunua na kuukuta uji umeshika kama mtindi. Usishtuke, wala usiiguse chupa ya dawa. Vibamba vimeegemeana tu usiku kwa kutulia. Ingiza mwiko, koroga hadi chini, uhesabu mizunguko mia moja, kisha uinue uone unavyodondoka.